Nyayo Katika Mawe: Njia ya Kufundisha Umri wa Matabaka ya Kale

Utangulizi

Mwalimu anayefundisha habari za kale hakosi kuulizwa swali moja na watoto werevu: "Mwalimu, walijuaje kwamba ni miaka milioni tatu na zaidi, na hali hakuna mtu aliyekuwapo kuihesabu?" Swali hili ni zuri kuliko majibu mengi tuliyozoea kuyaandika ubaoni. Mwalimu asiyeweza kulijibu hubaki na njia moja tu, nayo ni kuwataka wanafunzi waikariri tarakimu. Lakini mtoto aliyekariri tarakimu bila kujua ilikotoka huiamini kwa kuwa mwalimu ameisema, na kesho huiacha kwa kuwa mtu mwingine amesema vinginevyo. Hapo elimu haijapatikana.

Makala haya yanakusudia kuwasaidia walimu wanafunzi, hasa wale watakaofundisha Mugumu na katika vijiji vya wilaya za Serengeti na Tarime, kulijibu swali hilo kwa njia ambayo mtoto aweza kuiona kwa macho na kuishika kwa mikono. Tutatumia nyayo, mashimo na alama nyingine za viumbe zilizobaki katika mawe. Tumezichagua alama hizo kwa sababu mtoto wa mfugaji anao tayari ujuzi wa kuzisoma. Akifika lamboni asubuhi hujua kama ng'ombe aliyepotea amepita hapo, ameelekea wapi, na kama alipita kabla ya mvua ya usiku au baada yake. Kazi ya mwalimu ni kuuchukua ujuzi huo kutoka kwenye matope ya leo na kuufikisha kwenye mawe ya kale.

Visukuku vya alama

Masalio ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa katika miamba huitwa visukuku. Visukuku ni vya namna mbili. Namna ya kwanza ni viungo vya kiumbe chenyewe: mifupa, meno, magamba ya konokono, majani na mbegu. Namna ya pili si kiumbe bali ni kazi yake: nyayo alizoacha, shimo alilochimba, kijia alichotambaa, kiota alichojenga. Hivi vya namna ya pili tutaviita visukuku vya alama.

Tofauti baina ya namna hizi mbili ni kubwa, na yafaa mwalimu aieleze mapema. Mfupa waweza kuhama. Mto kama Grumeti hula kingo zake wakati wa mafuriko, ukaufukua mfupa uliozikwa zamani na kuutupa juu ya mchanga wa mwaka huu. Atakayeuokota aweza kudhani kwamba mfupa na mchanga ni wa wakati mmoja. Unyayo hauwezi kuhama hivyo. Maji yakiuchukua, hufutika. Kwa hiyo tukiukuta unyayo katika tabaka la mwamba, twajua kwamba kiumbe alisimama pale pale, na kwamba wakati huo mwamba ulikuwa bado tope, mchanga au majivu laini. Hiyo ndiyo nguvu ya kisukuku cha alama.

Udhaifu wake nao usifichwe. Aliyeiacha alama ni nadra kukutwa kando yake. Tena viumbe vya zama zilizo mbali sana huweza kuacha alama zinazofanana: shimo la mnyoo wa jana na shimo la mnyoo wa miaka mamilioni iliyopita huenda yasitofautike kwa umbo. Kwa hiyo alama nyingi ni mashahidi wema wa mahali na wa utaratibu wa mambo, lakini ni mashahidi dhaifu wa idadi ya miaka.

Maswali mawili yasichanganywe

Makosa mengi katika somo hili hutokana na kuchanganya maswali mawili. Swali la kwanza ni hili: kipi kilitangulia na kipi kilifuata? Swali la pili: ni miaka mingapi imepita? Swali la kwanza hujibiwa kwa kuyatazama matabaka na alama zilizomo. Swali la pili huhitaji saa, na saa hiyo aghalabu haimo katika unyayo.

Kwa swali la kwanza, mwalimu awape wanafunzi kanuni nne:

1. Katika miamba tabaka ambayo haikupinduliwa, tabaka la chini ni la kale kuliko la juu yake, kama vile gunia la chini ghalani lilivyotangulia kuwekwa.

2. Unyayo ni wa baadaye kuliko kuwekwa kwa tabaka lililokanyagwa, na ni wa mapema kuliko tabaka lililoufunika.

3. Kinachokata ni kipya kuliko kilichokatwa. Shimo la mchwa lililopenya matabaka matatu lilichimbwa baada ya matabaka hayo yote kuwapo, hata kama mwisho wa shimo umo katika tabaka la kale kuliko yote.

4. Alama huonyesha upande uliokuwa juu. Unyayo hudidimia kuelekea chini, na nyufa za tope lililokauka huwa pana juu na nyembamba chini. Milima inapojikunja na kuyapindua matabaka, alama hizi hutuzuia tusisome kurasa kinyumenyume.

Kwa swali la pili, saa inayotumika mara nyingi katika nchi yetu ni majivu ya volkano. Baadhi ya chembe za madini zilizomo katika majivu hayo zina potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa hewa iitwayo agoni. Nusu ya sehemu hiyo huhitaji miaka milioni 1,250 hivi kwisha, kwa njia hiyo na nyingine. Mwamba unapokuwa umeyeyuka kwa joto la volkano, agoni hutoroka. Unapopoa, agoni inayozaliwa hufungiwa ndani. Mfano wa mtungi wafaa sana hapa. Fikiria mtungi uliowekwa chini ya paa linalovuja. Volkano huumwaga mtungi ukabaki mtupu, kisha matone huanza upya. Mtu anayejua kasi ya matone, akiyapima maji yaliyomo, aweza kukueleza mtungi umekaa pale kwa muda gani.

Mfano wa Laetoli

Tukitoka Mugumu kuelekea kusini-mashariki, ng'ambo ya mbuga ya Serengeti, twafika katika eneo la Ngorongoro, na kusini mwa bonde la Olduvai ndipo ilipo Laetoli. Mwaka 1976 wataalamu waliokuwa wageni wa Mary Leakey walikuwa wakitupiana mavi makavu ya tembo kwa mzaha. Mmoja wao, Andrew Hill, alianguka akikwepa, na alipokuwa chini akaona nyayo za wanyama katika jivu lililogandamana kuwa mwamba. Mwaka 1978 Paul Abell akaona huko Laetoli alama ya kisigino kilichofanana na cha binadamu. Uchimbaji wa mwaka huo na wa mwaka 1979 ulifunua mstari wa nyayo wenye urefu wa mita 27 hivi, za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili.

Tabaka hilo la majivu lina unene wa sentimita 15 hivi, nalo limegawanyika katika matabaka membamba sana, kwa maana majivu yalianguka kwa awamu. Juu yake zimebaki alama za matone ya mvua. Majivu yakalowa, viumbe wakapita, jua likayakausha yakawa magumu kama saruji, kisha majivu mengine yakafunika. Walipita tembo, twiga, vifaru, sungura, ndege, na farasi wa kale wenye vidole vitatu. Katika matabaka ya Laetoli vimekutwa pia viota vya mchwa na vya dundu wavingirishao mavi, vilivyogeuka mawe.

Je, nyayo hizo ndizo zilizowaambia wataalamu umri wa tabaka? La. Vipimo vya potasiamu na agoni katika majivu ndivyo vilivyotoa umri, nao ni miaka milioni 3.66 hivi. Tabaka liliupa unyayo umri wake. Unyayo haukulipa tabaka umri. Mwalimu akilielewa neno hili moja, amelielewa somo.

Yaliyofuata yanalithibitisha. Mwaka 2015 palichimbwa mashimo ya majaribio kiasi cha mita 150 kutoka kwenye nyayo za mwaka 1978, zikaonekana nyayo nyingine za watembeao wima. Wataalamu wa Tanzania walioshiriki, akiwamo Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa nchi nyingine, walitangaza matokeo mwaka 2016. Walijuaje kwamba hizi na zile ni za wakati mmoja? Walilifuata tabaka: mpangilio wa majivu ulikuwa ule ule.

Tena pana nyayo nyingine chache za Laetoli, zilizoonekana tangu miaka ya 1970, ambazo baadhi ya wataalamu walidhani huenda ni za dubu. Zilifukuliwa upya mwaka 2019, na mwaka 2021 ikaelezwa kwamba ni za kiumbe wa ukoo wa binadamu, aliyetembea kwa namna tofauti na wale wa mwaka 1978. Mawazo juu ya mwenye nyayo yalibadilika, lakini umri haukubadilika, kwa sababu umri haukutegemea umbo la unyayo. Ulitegemea majivu.

Mfano wa Engare Sero

Kusini mwa Ziwa Natron, karibu na mlima Oldoinyo Lengai, kuna mahali paitwapo Engare Sero penye nyayo za binadamu zaidi ya 400 katika majivu ya volkano yaliyogandamana. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba nyayo hizo ziliachwa kati ya miaka 19,100 na miaka 5,760 iliyopita.

Ziweke picha mbili mbele ya wanafunzi: unyayo wa Laetoli na unyayo wa Engare Sero. Zote mbili zina kisigino, zote zina kidole gumba kilichoelekea mbele, zote zimo katika majivu ya volkano ya kaskazini mwa Tanzania. Hata hivyo baina yake pana miaka zaidi ya milioni tatu na nusu. Mtu anayetaka kutaja umri kwa kulitazama umbo peke yake angekosea kwa kipimo hicho.

Alama chache zitajazo zama

Tusiwafunze watoto kwamba alama haziwezi kamwe kutaja wakati. Zipo chache ziwezazo, na sababu yake yafaa kujulikana. Katika miamba ya kale sana iliyokuwa matope ya bahari, upo mfululizo wa vijishimo uitwao Treptichnus pedum, uliochimbwa na mdudu laini kama mnyoo aliyekuwa akipanda na kushuka katika tope. Mwili wake haukubaki, lakini kazi yake imebaki katika nchi nyingi, zikiwamo Kanada na Namibia. Alama hii haionekani katika miamba iliyotangulia zama fulani. Kwa hiyo mwaka 1992 wanajiolojia wa dunia waliichagua sehemu iitwayo Fortune Head, katika kisiwa cha Newfoundland nchini Kanada, kuwa mahali rasmi pa mwanzo wa kipindi cha Kambria, nao wakaitumia alama hiyo kuwa kitambulisho. Mwanzo huo sasa huhesabiwa kuwa miaka milioni 539 hivi iliyopita.

Lakini hata hapa pana funzo la tahadhari. Baadaye alama hiyo hiyo ilikutwa Fortune Head mita kadhaa chini ya mstari uliowekwa. Mtu asemapo, "Alama hii haionekani kabla ya hapa," maana yake ni kwamba bado haijaonekana. Tena idadi yenyewe ya miaka milioni 539 haikutoka katika vijishimo. Ilitoka katika madini ya majivu ya volkano yaliyomo katika miamba ya umri huo mahali pengine.

Mawe ya Mugumu

Mwanafunzi wa Mugumu atauliza, "Na mawe yetu je?" Mwalimu awe na jibu la kweli. Mawe ya itale ya sehemu hii ya Mara ni ya zaidi ya miaka milioni 2,500. Itale lilitokana na mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi. Hakuna mguu ulioweza kulikanyaga likiwa laini, wala tusitafute nyayo ndani yake. Wilayani Serengeti ipo pia miamba tabaka ya mchanga na matope, ambayo wanajiolojia huiita Kundi la Ikorongo. Hiyo ni ya kabla ya Kambria, yaani kabla ya zama za Treptichnus pedum. Ilipokuwa mchanga na matope, hapakuwapo duniani mnyama mwenye miguu wa kuikanyaga.

Basi mwanafunzi akileta jiwe lenye mikunjo midogo sambamba na kudai kwamba ni nyayo au mbavu za nyoka, tusimkemee wala tusimkubalie. Tumpeleke kwenye mchanga wa kijito akaone jinsi maji yanavyochora mikunjo ya namna hiyo bila msaada wa kiumbe. Pia tumfundishe kwamba kukosekana kwa alama katika mwamba hakuthibitishi umri wake, kwani hata mchanga wa leo uliosombwa na mafuriko huweza kukosa unyayo wowote.

Somo lenyewe

Somo hili lahitaji vipindi viwili, na siku mbili au tatu katikati ili udongo ukauke. Vifaa vyote hupatikana kijijini: sanduku la mbao ambalo ubavu wake mmoja waweza kutolewa, udongo mwekundu, majivu ya jikoni, mchanga wa mto, udongo mweusi, maji, kijiti chenye unene wa kidole, karatasi na kuku mmoja.

Kipindi cha kwanza. Mwalimu aligawe darasa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wajenzi. La pili, litakalokuwa la wachunguzi, lisione kazi hii. Wajenzi waweke udongo mwekundu uliolowa, kina cha vidole vitatu, wampitishe kuku juu yake, kisha wauache ugande kidogo. Wamwage majivu makavu kiasi cha kujaza nyayo na kufunika, na ndani ya majivu waweke kipande cha karatasi kilichoandikwa tarehe. Wanyunyize matone ya maji kwa vidole. Waweke mchanga wa mto uliolowa. Wapenyeze kijiti kutoka juu ya mchanga hadi ndani ya udongo mwekundu, karibu na ubavu utakaofunguliwa, wakichomoe taratibu, kisha waweke udongo mweusi ambao utalijaza shimo.

Kipindi cha pili. Sanduku likiisha kukauka, ubavu utolewe na udongo ukatwe kwa kisu mpaka shimo lionekane. Wachunguzi waeleze mambo yalivyofuatana. Mwalimu asiwaambie, awaulize tu:

"Kuku alipita kabla ya majivu au baada yake? Umejuaje?"

"Udongo mweusi umefikaje ndani ya udongo mwekundu?"

"Shimo lilichimbwa lini: kabla ya mchanga au baada ya mchanga?"

Baada ya hapo mwalimu aulize, "Haya yote yalitendeka tarehe ngapi?" Watanyamaza, au watabahatisha. Ndipo majivu yakwanguliwe polepole mpaka karatasi ipatikane. Sasa wataona kwamba tarehe ni ya majivu. Kuku alitangulia, shimo likafuata, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kilichobeba tarehe yake. Karatasi hiyo ndiyo mfano wa saa ya potasiamu na agoni.

Wajenzi nao watoe ushahidi kama wachunguzi wamesema kweli. Tukumbuke kwamba katika kazi ya kweli wajenzi hawapo. Wachunguzi wana alama peke yake. Jambo hilo lielezwe wazi darasani.

Kipimo cha wakati. Tarakimu kubwa hazina maana kwa mtoto mpaka azitembee. Milimita moja ya kamba iwe miaka 1,000. Basi mita moja itakuwa miaka milioni moja. Muda uliopita tangu Uhuru wa Tanganyika, mwaka 1961, unakaribia unene wa unywele tu. Nyayo za Engare Sero hazizidi milimita 20. Laetoli ipo mita 3 na sentimita 66, yaani bado tumo darasani. Mwanzo wa Kambria upo mita 539, nje ya uwanja wa shule. Ili kuyafikia mawe ya itale ya Mugumu yatupasa kwenda zaidi ya kilometa mbili na nusu. Wanafunzi wakiutembea mwendo huo, hawatausahau.

Kuzilinda alama

Mwalimu asimalize somo bila kueleza kwa nini kisukuku kisibanduliwe. Unyayo uliong'olewa na kupelekwa nyumbani ni umbo tu. Umepoteza tabaka lake, na pamoja nalo umepoteza umri wake. Huko Laetoli nyayo zilifunikwa tena mwaka 1979, lakini migunga ikaota juu yake na mizizi ikatishia kuziharibu. Katika miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale, kwa kushirikiana na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani, iliiondoa miti hiyo na kuzifunika nyayo kwa njia bora zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahifadhi masalio ya namna hii, wala mtu haruhusiwi kuyachimba bila leseni. Mtoto akiona alama asiyoielewa, aiache mahali pake, akumbuke mahali hapo, na amweleze mwalimu, ambaye atampasha habari Afisa Utamaduni wa Wilaya.

Maswali ya kupima

1. Kwa nini unyayo ni shahidi bora wa mahali kuliko mfupa?

2. Shimo limepenya tabaka A, B na C, ambapo C ndilo la chini. Je, shimo ni la umri wa tabaka C? Toa sababu.

3. Tabaka lenye nyayo limelala kati ya majivu mawili; la chini lina miaka milioni 4 na la juu lina miaka milioni 3. Sema yote unayoweza kuyasema kwa haki juu ya umri wa nyayo hizo, wala usiongeze.

Swali la tatu ndilo kipimo halisi. Mwanafunzi atakayejibu "miaka milioni tatu na nusu" amepiga hesabu, lakini hajaelewa. Atakayejibu "ni kati ya miaka milioni 4 na milioni 3, wala siwezi kusema zaidi" ameelewa vema. Mwalimu ampe alama zote, naye aliambie darasa sababu.